Ndege ya balsa inayorushwa kwa mpira: boksi zuri, maelekezo pungufu

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga. Nalisema hili mapema msije mkadhani anayeandika ni injinia. Boksi lenyewe, la vipande vya kuunga ndege ndogo ya kuchezea, halikuwa langu, lilikuja kwa mwanangu wa miaka 11. Kaka yangu anaishi Ohio, na watu wa huko hawachoki kukukumbusha kwamba ndugu Wright, wale waliounda ndege ya kwanza yenye injini, ni wa kwao, na kwamba mwaka 1878, wakiwa watoto, baba yao aliwaletea kidude cha kuchezea kilichoruka kwa mpira uliosokotwa. Basi naye akaona mpwa wake asipitwe. Mpwa mwenyewe alikaa mezani siku mbili, ya tatu akaurudia mpira anaoujua yeye, ule wa miguu. Nikabaki na boksi.

Ndani mlikuwa na ramani ya ukubwa uleule wa ndege, vibao vya balsa vyenye vipande vilivyogongwa na mashine, fito nyembamba, karatasi laini za kufunikia, propela ya plastiki, vipande vya waya na mpira mmoja. Mpira huo ndio injini: unausokota, na ukijisokotoa unazungusha propela. Mabawa, ncha hadi ncha, ni kama sentimita 50. Gundi unajitafutia.

Nianze na lililoniudhi. Kisu cha mashine hakikukata mpaka chini, kilizipondaponda kingo tu. Ubavu wa kwanza wa bawa nilipoubandua kwa kidole ulikatika vipande viwili. Baada ya hapo kila kipande nilikipitishia wembe mpya, na wembe ulipoanza kukwaruza niliutupa. Mkipata boksi la aina ambayo vipande vimekatwa kwa leza, ongezeni hela mchukue hilo.

Lakini mbao yenyewe, jamani! Balsa inatoka zaidi Ekwado, na ni jamaa wa mbuyu na msufi wetu. Ukibonyeza kwa ukucha, ukucha unaingia. Mkononi unahisi umeshika mkate mkavu. Ila vibao havilingani: nilikuwa na viwili vya kipimo kimoja, nikavipima kwa mkono kama ninavyopima kitambaa, kimoja kilikuwa kizito karibu mara mbili ya mwenzake. Maelekezo hayasemi kitu juu ya hilo. Kizito kipeleke mbele, chepesi kiwe mkia, kwa sababu gramu moja ukiiweka mkiani utalazimika kuongeza gramu kadhaa puani ili ndege isawazike.

Kazi ya kuunga nilifanyia juu ya kipande cha silingi bodi, pini ninazo tele. Juu ya ramani nilitandika nailoni ya kujaladia madaftari ili gundi isishike. Fito unazibana kwa pini huku na huku, usizitoboe. Nilitumia gundi nyeupe ya mbao, tone dogo kwa ncha ya kijiti cha meno. Supaglu nilijaribu mara moja ikanigandisha vidole, nikaacha.

Kufunika karatasi ndiko kulikonikuta mwenyeji. Karatasi ile ina nyuzi kama kitambaa: ichane kidogo, upande mmoja itachanika moja kwa moja, upande wa pili itakwenda ovyo. Ule unaochanika vizuri ulaze kufuata urefu wa bawa. Ukikosea, inajikunja katikati ya mbavu kama gauni lililokatwa vibaya. Kisha nikanyunyizia maji kwa chupa yangu ya kupigia pasi, nikaiacha ikauke. Ilikaza mpaka ukiigonga kwa kucha inalia kama kigoma.

Kosa langu ni kuliacha bawa huru wakati linakauka. Lilijikunja kama jani la muembe juani, ncha ya kushoto juu, ya kulia chini. Lilitakiwa libanwe kwenye ubao mpaka likauke. Nililinyoosha kwa mvuke wa sufuria: unalipitisha, unalipinda kinyume kidogo, unalishikilia likapoa. Tena huku pwani unyevu hauishi. Alfajiri karatasi inalegea, mchana inakaza, kwa hiyo bawa nalikagua kila siku ya kurusha, kwa kulitazama kutokea nyuma jicho moja likiwa limefumbwa.

Sasa mpira. Uliokuja na boksi ulikuwa mgumu, na nilipouvuta ukaonyesha nyufa. Nikajaribu rababendi za dukani nilizozifunga pamoja, mafundo yakanasa ndani. Nikachana mpira wa tyubu, ule wa manati, mzito na haurudishi nguvu unayoupa. Mwishowe kaka akatuma mpira maalumu wa ndege hizi, utepe wa upana wa milimita 3 hivi, na hapo ndipo nikajua kwamba siku zote sikuwa na injini. Unaufunga kitanzi, unaupaka mafuta ya nyonyo kidogo ili nyuzi zisisagane, na unauhifadhi gizani mbali na joto.

Kusokota kwa kidole kunachosha na hakufiki mbali. Niliazima drili ya mkono kwa fundi seremala jirani, nikaweka ndoano ya waya. Mtu mmoja anashika ndege, wewe unauvuta mpira nje kwa mbele hadi mara tatu ya urefu wake, unasokota nusu ya mizunguko ukiwa umesimama palepale, iliyobaki unasokota huku unasogea taratibu. Siku ya pili nikazidisha. Mpira ulikatikia ndani ya kiwiliwili: mlio mmoja, karatasi ya ubavuni ikafumuka, fito mbili zikavunjika. Mwanangu, aliyekuwa ameshika mkia, alibaki na mkia. Tangu hapo tunapitisha mpira ndani ya bomba jembamba la plastiki wakati wa kusokota, tunalichomoa tukimaliza.

Tunarusha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka. Msimu wa kusi kuna wiki nzima hatutoki. Kwanza tuliisukuma bila mpira kusokotwa, juu ya majani marefu. Ikainua pua, ikasimama hewani, ikaporomoka. Tukaongeza punje ya plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, puani, ikafanya hivyohivyo. Punje ya tatu ndipo ikateleza kwa adabu. Tulipoiwekea mizunguko 100 ikakatia kushoto ikajichimbia chini, maana propela ikizunguka upande huu, ndege nzima inataka kubingirika upande ule. Dawa yake ni kijiti cha kiberiti kilichopasuliwa, unakichomeka nyuma ya kipande cha pua ili propela itazame kulia kidogo na chini kidogo. Kijiti kile ndicho kilichotupa ndege, na kwenye maelekezo hakimo.

Mruko uliofuata ilipanda ikizunguka duara pana, propela ikasimama, ikashuka polepole kama tiara iliyokatika uzi. Mwanangu alikuwa na simu: sekunde 26. Alphonse Pénaud, Mfaransa aliyeanzisha ndege ndogo za namna hii, alirusha yake ya mpira kwenye bustani ya Tuileries, Paris, mwaka 1871, ikakaa hewani sekunde 11. Tumemshinda, ila yeye hakuletewa boksi.

Je, mnunue? Kwa mtoto peke yake, hapana. Muanzishieni na ile ya ufito mmoja na bawa la kubandika, inaisha jioni moja na inaruka siku hiyohiyo. Hii yangu ilinila wiki tatu za jioni, na wateja wawili walisubiri nguo zao. Kwa mtu mzima mwenye mikono mitulivu na pini, chukua, lakini agiza na mpira wa akiba papo hapo.

Ndege iko juu ya cherehani yangu, imening'inizwa kwa uzi, ubavu una kiraka cha karatasi nyekundu. Nimeagiza nyingine. Mwanangu ameshaniambia: "Mama, hii wewe unga, mimi nitarusha."