Kukabidhi hesabu za mishahara kwa kampuni ya nje: tathmini kutoka hoteli ya Pwani

Hoteli ambayo mimi ni msimamizi wa wafanyakazi wake iko Pwani ya Kusini ya Kenya, ambako Desemba huhitaji watumishi wengi kuliko tulio nao, na Mei, mvua za masika zikinyesha, hata waliopo hukosa kazi ya kutosha. Ofisi yetu ndogo ya rasilimali watu ilizoea kutumia siku za mwanzo za kila mwezi kukokotoa makato, ikikimbizana na tarehe 9 ambayo ndiyo mwisho wa kuwasilisha ushuru wa PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, huku maombi ya likizo na malalamiko yakirundikana mezani. Ndipo tulipoingia mkataba na kampuni moja ya Nairobi inayotoa huduma za mishahara, mikataba ya ajira na ushauri wa nidhamu.

Upande wa mishahara wanastahili sifa. Makato nchini Kenya yamebadilika mno: michango ya NSSF, mfuko wa pensheni wa taifa, imekuwa ikipanda kila Februari tangu 2023, ada ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 ilipata sheria mpya Machi 2024, na Oktoba mwaka huo SHIF, mchango mpya wa bima ya afya wa asilimia 2.75, ikachukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani. Kisha, kuanzia tarehe 27 Desemba 2024, SHIF na ada ya nyumba zikawa zinaondolewa kwenye mshahara kabla ya ushuru kukokotolewa. Kwa mpishi anayelipwa shilingi 50,000, makato hayo mawili ni shilingi 2,125, na ushuru wa asilimia 30 ambao hautozwi tena juu yake ni shilingi 637.50, ingawa nafuu ya awali ya asilimia 15 ya ada ya nyumba ilifutwa papo hapo, hivyo faida halisi ikapungua. Hati za mshahara za Januari zilionyesha kila hatua ya hesabu katika mstari wake, na mpishi wetu mkuu, ambaye kwa kawaida huja ofisini na kikokotoo chake mwenyewe, mwezi huo hakuja.

Programu yao pia hutukumbusha mapema kibarua anapokaribia kumaliza mwezi mmoja wa kazi mfululizo, kwa sababu Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, humbadilisha kuwa mwajiriwa wa mkataba. Zamani tulikuwa tukiligundua jambo hili KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, kinapotuandikia.

Bei ndiyo iliyonikera. Hutozwa kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, jambo linaloifaa biashara ya misimu, lakini mkataba wa kwanza ulikuwa na kima cha chini cha watu wa kulipiwa ambacho hatukukitilia maanani, na wakati wa masika tukaletewa ankara ya watu ambao walikwisha kwenda makwao. Waliokubali kukipunguza ni wasimamizi wao, si wahudumu wa simu, kwa hiyo asiyejua wa kumwendea atalipa tu.

Huduma ya nidhamu sikuipenda hata kidogo. Barua waliyotuandalia ya kumwita mhudumu wa vyumba kujieleza ilikuwa ya kunakiliwa, yenye jina la cheo kisichokuwepo kwetu, na haikutaja kwamba ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, haki iliyo katika kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira. Niliizuia kabla haijamfikia. Isitoshe, mtu anayemfahamu mhudumu huyo, aliyejua kuwa alikuwa akiuguza mtoto, hakuwa Nairobi.

Mwaka wa pili tumebakisha mishahara na mikataba ya vibarua, tukaondoa nidhamu, na kuongeza kifungu kinachowataka watuarifu ndani ya saa 48 iwapo data ya wafanyakazi itavuja, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatupa sisi waajiri saa 72 tu za kumjulisha Kamishna wa Data, hata uvujaji ukitokea kwao.