Ovahoo ya DT125 kwa mzee wa Ngamiani, Tanga: huyu anapima, habahatishi

Wakuu, wenye pikipiki za tu-stroki, zile zinazounguza oili pamoja na petroli, mtanielewa haraka. Siku hizi kila kijiwe ni Boxer na TVS, zote fo-stroki, mafundi vijana wengi hawajawahi kufungua Yamaha za tu-stroki kama DT wala zile AG100 za maafisa ugani na mapadre, kwa hiyo unafanyiwa ovahoo, pistoni mpya, ringi mpya, hela imetoka, halafu injini inajamu barabarani ikiwa bado mpya kabisa. Sasa hapa Tanga, Ngamiani, kuna mzee ana karakana ndogo ya kuchonga silinda, nimempelekea DT125 yangu na kazi yake nimeipenda sana.

Kwanza hachongi silinda mpaka umletee pistoni mkononi. Wengine wanachonga kwanza ovasaizi ya 0.50 kwa makadirio ndo unaambiwa katafute pistoni, yeye anachukua maikromita anapima pistoni yenyewe, tena anapima chini kwenye sketi, yaani ubavu wa chini wa pistoni, kwa upande ulio msalaba na pini, maana juu kichwani pistoni ni nyembamba zaidi itakudanganya. Halafu ndo anachonga silinda kuifuata ile pistoni. Silinda ya DT125 ni ya 56 mm, na kwa injini ndogo za kupozwa na upepo nafasi inayoachwa mara nyingi ni kama 0.04 hadi 0.06 mm, chini ya unene wa unywele. Pistoni ni aluminiamu, ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha silinda, ukibana nafasi ile lazima ing'ang'anie tu. Akimaliza anapitisha jiwe la kusugua libaki na michirizi ya kukatana ya kushika oili, na anapiga msasa kingo za matundu ya silinda, hili mafundi wengi wanaliruka kabisa, ringi inapita pale inakwaruzwa mpaka inakatika.

Ila kilichonimaliza kabisa ni kipimo cha hewa. Injini imeshafungwa, anaziba tundu la ekzosi na la kabureta kwa mipira, anachukua ile pampu ya mkono ya kupimia presha hospitalini, ile yenye saa, anajaza hewa ndani mpaka mshale ufike 300 (milimita za zebaki) anaacha, anakaa anaitazama. Kwangu mshale ulikuwa unashuka polepole, akapaka maji ya sabuni kila mahali, mapovu yakatokea upande wa magneti, kwenye sili ya krenki, ile raba inayozuia hewa kupita pembeni ya shafti ya injini. Jamani hapo ndipo pistoni nyingi zinapofia! Sili ikivuta hewa ya pembeni petroli inakuwa pungufu, injini inachemka, na pistoni mpya inaungua kama ya zamani. Sili ikabadilishwa akapima upya mshale ukatulia palepale.

Na alinipa somo la oili ambalo wengi tunalikosea huku mtaani, kwamba ili iwe salama mimina oili nyingi. Mzee anasema hapana, oili ikizidi kwenye petroli inakula nafasi ya petroli yenyewe kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani petroli kidogo hewa nyingi, na joto linapanda. DT ina pampu yake ya oili, kwa hiyo tenki la kwanza tu anachanganya ml 20 kwa lita moja ya petroli huku pampu nayo inafanya kazi, ameitoa hewa kwenye pampu na ameweka alama ya kalamu kwenye tenki la oili, ukiona imeshuka chini ya alama ujue pampu inavuta, ndo unarudi petroli tupu. Chupa ya oili iwe imeandikwa JASO FC au FD, ndo madaraja ya oili ya tu-stroki. Ile ya injini za boti yenye TC-W3 imejaa hapa pwani kwa sababu ya wavuvi, ila imetengenezwa kwa injini za kupozwa na maji, usiiweke kwenye pikipiki.

Halafu akaniuliza naendeshea wapi. Nikamwambia nashuka sana kutoka Lushoto, akafungua kabureta akakuta jeti ndogo ya kule milimani, akaweka kubwa zaidi, maana huku chini hewa ni nzito, jeti ya Lushoto ukija nayo Tanga injini inakosa petroli. Na ile kona za kushuka Mombo usifunge resi muda mrefu ukiacha gia ikushikie, oili inakuja kwa kufuata resi, funguafungua kidogo. Ukisikia mlio umebadilika au nguvu inakatika ghafla vuta klachi hapohapo, usisubiri.

Kuizoesha ni kuiwasha mpaka ipate moto, kuizima ipoe kabisa, unarudia mara kadhaa kabla ya safari, kisha unaenda kwa resi ya kubadilikabadilika bila kuibana. Plagi yangu sasa ikitolewa ni kahawia safi, ingekuwa nyeupe ningerudi kwake siku hiyohiyo.

Kasoro zipo. Bei ni karibu mara mbili ya kijiweni, na anafanya kazi polepole kweli, usimpelekee kama una safari kesho. Simu hapokei akiwa kwenye mashine. Spea hana, kwa hiyo nenda na pistoni, ringi, pini, klipu mpya na sili zote mbili za krenki, na Ijumaa wahi asubuhi kwa sababu anafunga mapema kwenda kuswali.