Kitambulisho cha kielektroniki cha chuo: kadi inafanya kazi, fomu ya idhini haifai

Haya ni maoni yangu kuhusu kitambulisho kinachotumika katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Kadi hiyo moja inafungua geti, maktaba na hosteli, na inalipia chakula mesi. Kwa utendaji sina lawama: isogeze karibu na mashine, taa ya kijani inawaka, foleni ya asubuhi inasonga. Tangu shambulio la kigaidi kwenye chuo cha Garissa la Aprili 2015, hakuna haja ya kueleza kwa nini vyuo vinamkagua kila anayeingia.

Ubaya uko kwenye karatasi ya siku ya usajili. Sahihi moja inaruhusu mambo manne: utengenezewe kadi, kila saa unayopita getini ihifadhiwe, picha yako itumike kwenye matangazo ya chuo, na taarifa zako zipewe benki ambayo nembo yake imechapwa kwenye kadi. Ukiikataa benki hupati kadi, na bila kadi huingii mtihani. Mimi siwezi kuiita hiyo idhini. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamtaka anayekusanya data athibitishe kwamba ulikubali, na kinakuruhusu kuiondoa idhini wakati wowote. Isitoshe, kwa kadi yenyewe chuo kinaweza kutegemea kifungu cha 30, kinachoruhusu data inayohitajika kutimiza mkataba. Benki na matangazo ndiyo yaliyopaswa kuwa na kisanduku chake kila moja. Aliye chini ya miaka 18, na mwaka wa kwanza wapo, anahitaji pia idhini ya mzazi au mlezi.

Chunguza na aina ya kadi. Weka kadi mgongoni mwa simu yenye NFC, yaani inayoweza kusoma kadi za kusogeza karibu. Simu ikinyamaza, huenda ni aina ya zamani ya masafa ya kilohezi (kHz) 125: hiyo humpa namba ileile yeyote mwenye mashine, na kifaa cha kuinakili ni cha bei rahisi. Simu ikikuonyesha MIFARE Classic, aina nyingine ya kadi, jua usimbaji wake ulivunjwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, mwaka 2008. Aina ya DESFire yenye usimbaji wa AES ni imara, lakini geti likisoma namba ya kadi tu bila kuuliza ufunguo wa siri, uimara huo haukusaidii kitu.

Upande wa mbele una picha, jina kamili, namba ya usajili na kozi. Vyuo vingi hutumia namba ya usajili kuingilia potali, na nywila ya kwanza mara nyingi huwa namba ya kitambulisho cha taifa. Ibadilishe siku hiyohiyo, na ukipanda matatu usiache kadi ikining'inia shingoni.

Ikipotea, watu hukimbilia kituo cha polisi kuchukua abstrakti, yaani hati ya kuripoti upotevu. Anzia kwa msajili, ifungwe kwanza, kwa sababu hadi hapo bado inafungua milango. Hosteli, mesi na maktaba zinaweza kuwa na orodha tofauti. Kadi mpya ikitoka, namba ya zamani inaweza kubaki hai mahali fulani. Uliza kila ofisi, na uombe jibu la maandishi.

Kutaka kujua wanachohifadhi, jaza fomu DPG 2 iliyo kwenye Kanuni za Jumla za 2021 za sheria hiyo ya data. Omba kumbukumbu za getini, majina ya waliopewa data yako, na muda zitakaohifadhiwa. Chuo kina siku 7 kujibu, bila malipo. Kikinyamaza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hulipi chochote, na uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Usidhani ni ofisi ya kutisha kwa maneno tu: mwaka 2023 ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Kwenye malalamiko, ambatisha nakala ya fomu ya usajili uliyotia sahihi. Kama bado hujatia, ipige picha kabla ya kuirudisha, kwa sababu nakala hawakupi.