Kompyuta ya Kutazamia Video Nyumbani: Uliza "Kizazi cha Ngapi?" Kabla Hujauliza Bei

Mama alitoka Muheza kuja Tanga kutazama video ya harusi ya mdogo wangu wa mwisho. Mie nilishajiandaa. Mkeka umetandikwa, kahawa ipo, kashata zipo, waya wa HDMI umechomekwa kwenye tivii, na laptopu yangu mpya (mpya kwangu, maana ni ya mtumba) iko juu ya stuli kama bibi harusi wa pili. Flashi ya mpiga video ikaingia. Bibi harusi akatoka chumbani, akainua mguu avuke kizingiti, akaganda. Mguu hewani. Vigelegele vinaendelea, ngoma inaendelea, yeye yuko palepale. Kisha ghafla tukamkuta ukumbini, hata njia hakupita.

Mama akanywa funda la kahawa, akauliza taratibu, "Mwanangu, mlipiga video au mlipiga picha za mnato?"

Laptopu ile niliinunua laki nne na nusu hapahapa mjini. Duka silitaji, na kampuni iliyoitengeneza siitaji, kwa sababu kilichoniponza ni sentensi moja ya kijana aliyeniuzia: "Dada, hii Core i5, inameza kila kitu." Kesho yake nikairudisha. Hata kuifungua hakuifungua. "Hizo kodeki tu, dada. Niachie elfu kumi na tano."

Kodeki ni namna video inavyobanwa na kufunguliwa. Akaniwekea VLC. Programu ya kuchezea video iliyoanzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996, na ambayo tangu 2001 inagawiwa bure kwa dunia nzima, mie nimeilipia elfu kumi na tano. Nikarudi nyumbani, nikachomeka flashi. Bibi harusi akainua mguu, akaganda.

Tangu siku hiyo nimegeuka daktari wa video za mtaani. Jirani wa Makorora kaniletea sauti bila picha. Mwalimu mmoja wa Chumbageni ana picha bila sauti. Shoga yangu yeye video zake zote ni kijani, watu kama wamefunikwa na mwani. Wote watatu walikuwa wameshaambiwa wanunue kompyuta nyingine, na wote watatu hawakuihitaji. Kwa hiyo kabla sijakupangia cha kununua, hakikisha kwanza kwamba unahitaji kununua.

Sauti bila picha mara nyingi ni kwamba programu ya video iliyokuja na Windows haijui HEVC, kodeki mojawapo. Itakuletea ujumbe kwamba kuna nyongeza ya kununua kwa senti 99 za dola. Si fedha nyingi, ila wanataka kadi ya benki, na wengi wetu fedha zetu zinalala kwenye simu. Weka VLC, ichukue videolan.org penyewe, usiichukue kwenye zile tovuti zenye vitufe vitano vya kijani vya kupakulia. Picha bila sauti dawa yake ni hiyohiyo: filamu nyingi zimebeba sauti ya AC-3 au DTS, na programu isiyoijua inabaki bubu. Ile kijani ya shoga yangu ilitaka kitu kingine. Ndani ya mapendeleo ya VLC, sehemu ya Input / Codecs, kuna mstari unaosema hardware-accelerated decoding. Uuzime, uifungue video upya. Watu wake wakatoka kwenye mwani, salama.

Na jamani, kubadilisha jina la faili kutoka MKV kuwa MP4 hakusaidii kitu. MP4 ni pakacha. MKV ni pakacha. Kilichomo ndani ni samaki au ni embe, hiyo ni habari nyingine, na kubadilisha jina la pakacha hakumgeuzi samaki kuwa embe. Ukitaka kujua kilichomo, ifungue video kwenye VLC halafu bonyeza Ctrl na J, itakuandikia jina la kodeki.

Jambo jingine dogo: flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja la GB 4 au zaidi. Video ya harusi ikikataa kuingia kwenye flashi ambayo bado ina nafasi tele, sababu ni hiyo. Ipange upya kwa exFAT, lakini hamisha kwanza vilivyomo maana vyote vitafutika.

Sasa, kama VLC ipo, na bado picha inaganda huku sauti inaendelea, ugonjwa si wa programu. Hapo prosesa, ubongo wa kompyuta, imezidiwa, na hapo ndipo mfuko unapohusika.

Madukani wanakuhubiria RAM, wanakuhubiria SSD, wanakuhubiria "haina mkwaruzo hata mmoja". Mie hayo sitayagusa. Kitu ambacho hakuna aliyenitajia, na ambacho ndicho kilichonivunjia heshima mbele ya mama yangu, ni king'amuzi.

Unakumbuka mwisho wa 2012, mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, tivii nzima na nzuri ikawa haioni kitu mpaka ununue king'amuzi? Basi ndani ya prosesa ya kompyuta nako kuna king'amuzi, kidogo, kazi yake kufungua video tu ili prosesa yenyewe isihangaike. Kila king'amuzi kinajua kodeki zilizokuwepo kilipochorwa kiwandani. H.264 ilitoka 2003. HEVC, ambayo wengine wanaiita H.265, ilitoka 2013. AV1 ikaja 2018. King'amuzi kisichoijua HEVC hakifundishiki. Hakuna fundi wa kukiongezea, si kwa elfu kumi na tano wala kwa laki. Kazi yote inarudi kwa prosesa, nayo inabeba mzigo ambao haikuumbiwa, feni inalia kama jenereta na bibi harusi anabaki na mguu hewani.

Laptopu yangu ilikuwa na i5-4300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kile kistari ndiyo kizazi: 4. Kizazi cha 4 cha Intel, watengenezaji wa prosesa za Core, kilitoka 2013, king'amuzi chake H.264 kinaifungua vizuri, HEVC hakiiwezi. Kizazi cha 6, cha 2015, kinafungua HEVC ya kawaida lakini kinasuasua kwenye ile ya biti 10. Kuanzia cha 7 ndipo biti 10 inafunguka bila shida. AV1 inaanzia cha 11, na kuanzia cha 10 tarakimu za kizazi zinakuwa mbili mwanzoni, mfano wa cha 11 ni i5-1135G7. Kwa hiyo "Core i5" peke yake ni sawa na mtu kukuambia anauza gari nyeupe.

Utasema, mie biti 10 ya nini? Biti 8 inatoa ngazi 256 kwa kila rangi, biti 10 inatoa 1,024, na kamera za wapiga video wa harusi siku hizi nyingi zinarekodi hivyo. Simu nazo: iPhone zilianza kurekodi HEVC mwaka 2017 na iOS 11, na kuanzia iPhone 12 ya 2020 zinarekodi HDR (picha yenye mwanga na rangi pana zaidi) ya biti 10. Mdogo wako akikurushia video ya mtoto kutoka iPhone, tayari uko ndani ya mkumbo.

Haya, madaraja yangu. Nimeyapanga kwa mtumba, kwa sababu ndicho tunachonunua.

Ya kwanza ni ThinkPad T480, na sijifichi, mie ni mtu wa ThinkPad. Nimeshaambiwa ni nzito na mbaya kama tofali. Ni kweli, na bado naipenda. T480 ni ya 2018, kizazi cha 8 (i5-8250U au i5-8350U), king'amuzi kinafungua HEVC ya biti 10, na Windows 11 inaikubali rasmi, kitu ambacho cha 7 kwenda chini hakipati isipokuwa prosesa chache sana. Windows 10 ilikwisha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hili si dogo. Lakini kilichonimaliza ni betri. Zipo mbili, moja ndani, moja nyuma unaichomoa kwa mkono, na ukiichomoa ile ya nyuma kompyuta haizimi. Umeme ukikatika katikati ya kesha la harusi, ukumbi unaguna, sisi kwenye mkeka tunaendelea. Angalizo mbili: T480s yenye "s" nyembamba haina betri ya kuchomoa, usichanganyiwe. Na tundu lake la HDMI kwenye tivii ya 4K linatoa picha 30 kwa sekunde tu, ambazo kwa harusi na filamu zinatosha.

T470 nayo nzuri, ila ina mtego: ilitoka ikiwa na kizazi cha 6 na pia cha 7, jina lilelile, sura ileile. Ukiambiwa T470, washa uone mwenyewe.

Ya pili ni Dell OptiPlex ya mezani, familia ya 3060 au 7060, kizazi cha 8. Kwa bei unayoambiwa ya laptopu unapata prosesa yenye nguvu zaidi, na inakaa chini ya tivii miaka bila kulalamika. Haina betri, basi jiandae na UPS (betri ya akiba) au na subira. Geuza nyuma kabla ya kulipa, nyingine hazina tundu la HDMI, zina DisplayPort tu, na adapta ni gharama nyingine. Halafu mulika matundu kwa tochi. Tanga yetu hii ina upepo wa chumvi, na mashine iliyokaa dirishani dukani mwaka mzima karibu na bahari unaiona kutu yake kwenye skrubu.

Ya tatu, HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 7490, yoyote utakayoiona nzima. Kwenye EliteBook ile herufi G inasaidia: G1 ni kizazi cha 4, G5 kwa kawaida ni cha 8, lakini nayo hakikisha kwa macho. Sina ugomvi nazo, sina mahaba nazo.

Zile laptopu ndogo mpya za kwenye boksi zenye Celeron: nyingine zina king'amuzi kizuri kuliko i5 yangu ya zamani, inauma kusema, ila kila kitu kingine zinakifanya kwa kusinzia. Tuendelee.

Na usidhani upya ni kinga. Mwishoni mwa 2025 iliripotiwa kwamba HP na Dell walizima king'amuzi cha HEVC kwenye baadhi ya laptopu zao mpya za kiofisi. Kipo ndani ya prosesa, kimefungwa, kwa mambo ya leseni. Hata kwa kiwandani wameanza tabia za dukani kwetu.

Namna ya kupima mbele ya muuzaji: nenda na flashi yako yenye video moja ya iPhone na kipande cha video ya harusi, na VLC ndani yake. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua Task Manager, sehemu ya Performance. Kwenye CPU utaliona jina kamili la prosesa. Kisha cheza video, uangalie GPU (sehemu ya picha), kile kichoro cha Video Decode. Kikipanda na CPU ikabaki chini, toa fedha. CPU ikiruka mpaka asilimia mia, mshukuru kijana, ondoka.

Hapo ndipo utakapowajua watu. Duka la kwanza waliniambia flashi yangu ina virusi kabla hawajaigusa. La pili wakaniwekea video yao wenyewe, wimbo mmoja wa mtandaoni uliopakuliwa kwa ubora wa chini, "Ona dada, inateleza!" Hata redio ingeucheza. La tatu nikauliza kizazi, kijana akaniangalia kama nimemuuliza kabila lake, akasema, "Dada, hizi zote za kisasa." Na bei! Kariakoo wanakutajia hivi, hapa wanakutajia laki na nusu juu, unaambiwa ni usafiri. Kilomita mia tatu na hamsini, laptopu ya kilo mbili, laki na nusu? Mie mwenyewe nikipanda basi na laptopu mapajani silipi hivyo, na chakula cha njiani nakula. Nyingine zina stika ya Core i7 inayong'aa juu ya mashine iliyochakaa kila mahali isipokuwa hapo kwenye stika. Warranti ni wiki moja, kwa mdomo.

Kama fedha ya kompyuta nyingine haipo kwa sasa, ipo HandBrake, ya bure, inabadilisha HEVC kuwa H.264 ambayo mashine ya zamani inaijua. Ndivyo nilivyofanya kwa mama. Niliiacha usiku kucha, adhana ya alfajiri ikaikuta bado inahesabu, na mchana bibi harusi akavuka kizingiti kwa mguu wake mwenyewe. Kwa wenye iPhone, mwambie anayekurekodia aingie kwenye mpangilio wa kamera, sehemu ya Formats, achague Most Compatible. Video zitakuja na H.264 tangu mwanzo.

T480 nimeipata baadaye kwa kuagiza. Ile ya kwanza naiuza. Nimeibandika karatasi: "i5-4300U, kizazi cha 4, HEVC haifungui, VLC nimeweka bure." Watu watano wameshakuja kuitazama, na wote watano wameuliza RAM ngapi.