Miezi mitatu katika chuo cha kompyuta: tathmini ya mzazi

Binti yangu alipomaliza kidato cha nne, nilimwandikisha katika chuo kimoja cha kompyuta hapa Morogoro, kama wafanyavyo wazazi wengi wasiotaka mtoto ashinde nyumbani akisubiri matokeo. Ada ilikuwa shilingi 180,000, nami niliilipa bila kinyongo, kwa kuwa alikuwa amenishinda kwa swali: mtu akibonyeza *150*00# (menyu ya M-Pesa) kwenye simu ya kitochi isiyo na intaneti, salio lake huwa limekaa wapi, na nani hulisoma?

Chuo nacho hakikulijibu. Wiki mbili za kwanza ziliishia katika kunakili vizazi vitano vya kompyuta na sehemu za diski ambazo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuzishika. Kompyuta zilikuwa 9 kwa wanafunzi 26, hivyo watatu walibanana mbele ya kioo kimoja, na aliyewahi kufika ndiye aliyeshika kipanya. Umeme ulipokatika, kazi ambayo haikuhifadhiwa ilipotea, na watoto wakapanda daladala kurudi nyumbani wakiwa wametumia nauli mbili kwa dakika ishirini za somo. Mtihani wa mwisho (hili bado linanichekesha) ulifanywa kwa kalamu na karatasi.

Kwa haki, mwalimu wa Excel anaijua kazi yake, na hesabu za duka la mama mdogo wake binti yangu zimenyooka tangu wakati huo. Anayetafuta kazi ya ukarani au mapokezi hatajuta kujiunga.

Tatizo ni kwamba ukarani huo unauzwa kwa jina la kompyuta. Watu husema vijana wanalikimbia somo hili kwa kuogopa hesabu, lakini binti yangu hesabu anazipenda. Alichokimbia ni kuchoshwa. Uingereza iliugua ugonjwa huohuo: mwaka 2012 Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya huko, ilitoa ripoti iliyokosoa ufundishaji wa namna hii, na kuanzia Septemba 2014 mtaala mpya wa England ukawaingiza hata watoto wa shule za msingi katika kuandika programu. Kazi hiyo haihitaji mashine za gharama. Scratch, programu ya bure ya kujifunzia kuandika programu, iliyotoka chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ilimwezesha binti yangu kutengeneza, kwa Jumamosi moja tu, paka anayeuliza namba ya siri kisha kutaja salio. Jioni yake aliniuliza itakuwaje watu wawili wakitoa fedha ileile kwa wakati mmoja, nami nikashindwa tena.

Chuo nakipa nyota mbili kati ya tano, moja ikiwa ya mwalimu wa Excel. Nilipomkumbusha binti yangu kwamba kidato cha tano zipo tahasusi zenye Sayansi ya Kompyuta, alinijibu, “Baba, ile ya chuoni? Hapana,” akachagua ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu).