Moduli ya akiba ya Odoo: tathmini kwa matumizi ya kiwandani

Odoo, programu ya Ubelgiji ya kuendeshea shughuli za biashara iliyoanza mwaka 2005 kwa jina la TinyERP na kupewa jina lake la sasa mwaka 2014, ina moduli (sehemu ya programu) ya kusimamia akiba ya mali ghalani ambayo naiona inafaa zaidi kiwandani kuliko dukani, na sababu yangu kubwa ni namna inavyorekodi mwendo wa mali.

Humo hakuna kitu kinachoongezeka au kupungua hivi hivi. Kila mwendo una mahali ulipoanzia na mahali ulipoishia: malighafi hutoka kwa mgavi ikaingia ghalani, hutoka ghalani ikaingia kwenye uzalishaji, na bidhaa iliyokamilika hurudi ghalani kabla ya kwenda kwa mteja. Hata upungufu unaogunduliwa wakati wa kuhesabu mali hupelekwa kwenye eneo la kidhahania la upotevu, ukabaki na tarehe na jina la mtumiaji aliyeuthibitisha. Jambo hili lina uzito mkubwa, kwa sababu meneja wa kiwanda hahitaji tu kujua ni kilo ngapi zimepungua. Anahitaji kujua zilipotelea katika hatua gani.

Ufuatiliaji wa nambari za kundi, yaani nambari inayotambulisha shehena moja ya malighafi au bidhaa, umejengwa juu ya msingi huohuo. Kundi la malighafi likigundulika kuwa na kasoro, ripoti inaonyesha limetumika katika bidhaa zipi na bidhaa hizo zimekwenda kwa nani. Vilevile mtu anaweza kuanzia kwenye bidhaa iliyorudishwa akafuata njia hadi kwa mgavi. Kwa viwanda vya dawa na vyakula, hii peke yake inatosha kuifanya ifikiriwe.

Kanuni za kuagiza upya zinataka uangalifu. Akiba inayotarajiwa (iliyopo pamoja na inayokuja, ukitoa inayosubiri kutoka) ikishuka chini ya kiwango cha chini, programu hupendekeza oda ya ununuzi au ya uzalishaji, lakini kiwango chenyewe lazima mtu akipigie hesabu. Kiwanda kinachotumia beringi 40 kwa siku, ambacho mgavi wake huchukua siku 12 kuleta mzigo, na kinachotaka akiba ya tahadhari ya beringi 120, kinapaswa kuagiza zikibaki 600, yaani 40 mara 12 ukijumlisha 120. Anayeweka 300 kwa kukisia atasimamisha mashine ilhali mfumo umefanya kazi yake sawasawa.

Nisilolipenda ni kwamba programu inaruhusu akiba kusomeka chini ya sifuri, yaani mzigo kuidhinishwa kutoka kabla haujaandikwa kuwa umeingia. Wapo wanaoutetea uhuru huo kwa kuwa malori hayasubiri makaratasi, na hoja yao ina ukweli, ila ghala lenye uzembe wa kuandika litauzoea haraka. Pia toleo huria halina programu ya kusomea msimbopau wala uhasibu kamili. Hivyo vimo katika toleo la kulipia, na kwa ghala lenye maelfu ya vipuri nashauri lilipiwe.

Kabla ya kuhamia humo, mali yote ihesabiwe upya na orodha ya bidhaa isafishwe, kwani beringi ileile ikisajiliwa kwa majina mawili itawekewa viwango viwili na kuagizwa mara mbili.