Riwaya za Gurnah: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, ana riwaya kumi na moja, kuanzia Memory of Departure ya 1987 hadi Theft ya 2025. Tangu apewe Nobeli ya Fasihi Oktoba 2021 zinapatikana kwa urahisi, na kosa la kawaida ni kuchukua ile iliyo mbele kwenye rafu. Ukianza na isiyokufaa utaiweka chini kabla ya nusu, useme mzee anazunguka sana. Ni kweli anazunguka. Lakini karibu kila mara anazunguka deni: nani alimkopesha nani, rehani ilikuwa nini, na nani alikuja kulilipa. Lishike deni, mengine yatakufuata.

Namba moja kwangu ni By the Sea (2001), na haina mshindani. Saleh Omar, aliyekuwa muuza samani Zanzibar, anatua Gatwick akiwa na miaka 65. Pasi yake ina jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban, na ameshaonywa asijionyeshe kuwa anajua Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anapekua begi, anakuta kisanduku chenye udi wa qamari, ananusa, anauliza, kisha anabaki nacho. Mzee kimya. Asiyejua chetezo ataona wizi mdogo wa uwanja wa ndege na kupita. Ila udi ule ulitoka kwa Hussein, mfanyabiashara wa Bahrain aliyekuja na pepo za msimu, na Hussein ndiye mzizi wa balaa lote. Kilichochukuliwa Gatwick ni salio la mwisho la hesabu ya miaka thelathini na zaidi.

Hesabu yenyewe isome na kalamu mkononi, maana wengi hupotelea hapa. Nyumba ziko mbili. Moja ilikuwa ya Bi Maryam, wa ukoo wa huyo Rajab wa kwenye pasi, aliyeolewa na baba yake Saleh; ikaishia kwa Saleh, na ukoo ukabaki na kinyongo. Ya pili ni ya Rajab mwenyewe. Aliiweka rehani kwa Hussein. Hussein naye alipotaka fedha kwa Saleh akamwachia karatasi ileile kama dhamana, akaondoka na asirudi. Saleh akadai kilichoandikwa. Kwenye karatasi hana kosa, na hapo ndipo uzuri wa kitabu ulipo, kwa sababu mtaani hakuna aliyemwona hana kosa. Ukizichanganya nyumba hizo mbili, sehemu ya pili, inayosimuliwa na Latif mtoto wa Rajab, itakuchosha bure. Kitabu kina sehemu tatu. Usitoe hukumu kabla ya ya tatu.

Ya pili ni Peponi, na hapa nasema tafsiri ya Kiswahili kwa makusudi. Ni Paradise ya 1994, iliyofika orodha fupi ya tuzo ya Booker, ikafasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Yusuf ana miaka kumi na miwili baba yake anapomkabidhi kwa tajiri Aziz kufidia deni. Yusuf anamwita ami. Khalil, aliyemtangulia dukani kwa sababu ileile, anamkatalia: huyu si ami yako, huyu ni seyyid, yaani bwana. Khalil huyo pia humtania Yusuf kwa neno kifaurongo. Kwa msomaji wa Kiingereza ni neno geni linalohitaji maelezo. Sisi tunamwona papo hapo yule mdudu anayejifia ukimgusa, au ule mmea unaofunga majani, na tabia nzima ya kijana imeshachorwa kwa neno moja.

Mengine ya namna hiyo yamo tele. Bibi wa nyumba ni Zulekha, kijana mzuri ni Yusuf, na shati linachanika anapokimbia. Aliyesoma Surat Yusuf anajua kwa nini upande wa mchaniko una uzito wa ushahidi: likichanika nyuma, kijana alikuwa akikimbia. Kuna Kalasinga, fundi, anayetaka kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili wakati Kiarabu hakijui, atafasiri kutoka Kiingereza. Ukisoma kisa hicho katika kitabu ambacho nacho kimefasiriwa kutoka Kiingereza, utacheka mara mbili. Safari ya bara ndiyo inayochosha watu: mnyapara, wapagazi, kila mtawala njiani anadai hongo, kwa maana ya zamani ya ada ya kupita. Vumilia hadi kwa Chatu, mtawala wa huko bara. Bila sehemu ile, uamuzi wa Yusuf katika ukurasa wa mwisho utaonekana umedondoka kutoka angani.

Afterlives (2020) naiweka ya tatu, na ni vyema isomwe baada ya Peponi kwa sababu inaingia pale ile ilipoishia, kwenye askari wa Mjerumani. Hamza na Afiya ndio wapenzi wawili waliochorwa kwa upole kuliko wote katika vitabu vyake, na karakana ya seremala anakofanya kazi Hamza utaisikia harufu ya mbao. Dosari ni mwisho. Miaka mingi inabanwa katika kurasa chache, na habari nzito kuliko zote inakuja kama jalada la ofisini. Wapo wanaosema ni makusudi. Hata kama ni makusudi, kinaharakisha.

Desertion (2005) inaanza vizuri ajabu: mwaka 1899, Hassanali anatoka alfajiri kwenda msikitini, anakutana na Mzungu hoi. Kisha katikati msimulizi anakatiza hadithi na kuruka hadi Zanzibar ya miaka ya hamsini. Wengi huhisi wamenyang'anywa kitabu. Endelea tu, Jamila wa nusu ya pili ni mjukuu wa Rehana wa nusu ya kwanza.

Anayetaka kitu chepesi achukue Theft. Admiring Silence iko karibu na moyo wangu kwa kejeli yake, ila msimulizi ni mwongo, na familia anayokuelezea mwanzoni usiiandike kwenye daftari. Dottie, Pilgrims Way na Memory of Departure ni za mtu aliyekwisha nogewa.

Ukiagiza Paradise mtandaoni, andika na jina la mwandishi. Toni Morrison, mwandishi wa Marekani, ana riwaya yenye jina hilohilo.